Sauti ya Malimbe

Pale Nyegezi Kona, njia ya kwenda ziwani inapoachana na barabara kuu ya Shinyanga, konda wa daladala hana muda wa kulitamka jina lote. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania ni jina la kusomwa kwenye mahafali, si la kuitia abiria. Kifupisho chake cha Kiingereza kina herufi nne, SAUT, na konda anakimalizia kwa irabu moja ya bure: "Sauti, Sauti, Malimbe!" Hakuna abiria anayeuliza ni sauti ya nani. Kiswahili na ndugu zake wa Kanda ya Ziwa hawapendi neno linalokatikia kwenye konsonanti, hivyo mdomo huongeza irabu wenyewe bila kutumwa. Somo la kwanza la isimu hutolewa hapo kituoni, kabla hata nauli haijalipwa.

Mwisho wa safari ni Malimbe, kiasi cha kilomita 4 kutoka barabara kuu na kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, kwenye ardhi inayoteremka hadi ufukwe wa Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi sasa mwanafunzi wa sekondari wa Magu, Sengerema, Geita au Ukerewe anayefundishwa Kiingereza ana nafasi nzuri ya kukutana na mwalimu aliyekaa kwenye vimbweta vya hapa. Lakini chuo hiki hakikuanza kama chuo cha walimu, wala cha lugha.

Kilianza mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kwa jina la Nyegezi Social Training Institute. Aliyekianzisha ni Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao Watanzania wamezoea kuwaita Mapadre Weupe. Mwanza ilipofanywa jimbo kamili mwaka 1953, yeye ndiye alikuwa askofu wake wa kwanza. Aliona jambo ambalo wengi wa rika lake walichelewa kuliona: bendera ingeshushwa karibuni, na nchi ingehitaji watu wa kushika daftari la hesabu, kuendesha ofisi, kuongoza ustawi wa jamii na kuandika magazeti. Seminari zilikuwepo za kutoa mapadre. Shule ya kutoa karani mwaminifu na mwandishi wa habari anayejua kazi yake haikuwepo kando ya ziwa. Kadiri miaka ilivyokwenda, Nyegezi ikajulikana nchini kwa uhasibu, ugavi, utawala na hasa uandishi wa habari.

Blomjous mwenyewe aliishi katikati ya swali la lugha. Kati ya mwaka 1962 na 1965 alikuwa mmoja wa maaskofu waliokaa Roma kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na Desemba 1963 mtaguso huo ukafungua mlango wa lugha za watu kuingia kwenye ibada. Mkristo wa Bukumbi aliyekuwa amezoea kumsikia padri akisali Kilatini akiwa ameelekea altare, sasa angeweza kuisikia Misa kwa maneno anayoyaelewa. Askofu aliyejenga chuo Nyegezi aliporudi nyumbani, Kilatini kilikuwa kimeanza kufungasha virago.

Na shirika lake lilikuwa na mazoea ya zamani katika jambo hili. Kardinali Charles Lavigerie, aliyelianzisha huko Aljeria mwaka 1868, aliwataka vijana wake wajifunze lugha ya wenyeji na kuizungumza, wasitegemee mkalimani. Walipofungua misheni ya Bukumbi, kusini tu mwa Mwanza, mwaka 1883, kazi ya kwanza ya padri mgeni ilikuwa kukaa chini na kusikiliza Kisukuma. Mwaka 1909 Padri Eugène Hurel alichapisha sarufi ya Kikerewe, lugha ya kisiwa kinachofikiwa kwa meli kutoka bandari ya Mwanza. Hawakuiita kazi hiyo isimu tumizi. Waliiita kazi ya misheni. Ila mtu anayeandika sarufi ili mwenzake anayefika kesho ajifunze upesi, anafanya kile kile ambacho wahadhiri wa Malimbe wanakifanya leo kwa lugha nyingine na kwa sababu nyingine.

Matunda ya elimu hiyo ya kimisheni hayakuwa sarufi tu. Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe wa mwaka 1896, alipitia seminari ya Rubya upande wa Kagera, akajua Kilatini na lugha kadhaa za Ulaya, kisha akarudi kisiwani na kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa, kwa kuwa nani angechapa mamia ya kurasa kwa lugha ya kisiwa kimoja? Akiwa mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Nakala zilipofika kisiwani mwaka 1981, mwenyewe alikuwa ameshafariki. Miaka 36 mswada ulisubiri kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine.

Euphrase Kezilahabi naye ni wa Ukerewe, alizaliwa Namagondo mwaka 1944, na sekondari aliisoma katika seminari ya Nyegezi hiyo hiyo. Yeye hakusubiri. Mwaka 1971 alitoa Rosa Mistika kwa Kiswahili, na kitabu kikazua kishindo hadi kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Mwenzao Gabriel Ruhumbika, wa kisiwa hicho hicho, alianza kwa Kiingereza mwaka 1969 na riwaya yake Village in Uhuru, halafu akahamia Kiswahili moja kwa moja. Ni yeye pia aliyekuja kukitafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2002. Kisiwa kimoja, waandishi watatu, lugha tatu, na kila mmoja akafunga safari yake. Mtu akitaka kulielewa swali la lugha katika elimu ya Tanzania, anaweza kuanzia huko Ukerewe, gatini Nansio.

Chuo cha Nyegezi kilikuwa na miaka saba tu serikali ilipoliamua swali hilo kwa upande wa shule za msingi. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote saba. Nyerere hakuwa adui wa Kiingereza. Mtoto huyu wa Butiama, aliyekulia Kizanaki, aliwahi kufundisha katika shule ya Mapadre Weupe mjini Tabora, akasoma Edinburgh, akamtafsiri Shakespeare mara mbili: Juliasi Kaizari na Mapebari wa Venisi. Baadaye alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Wapenzi wa Kiingereza wanayakumbuka sana maneno hayo, na mara nyingi wanasahau kwamba aliyeyasema ndiye aliyekiondoa Kiingereza kwenye nafasi yake ya kufundishia msingi.

Ilitarajiwa kwamba sekondari ingefuata. Mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1969, ulitazamia hivyo. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makwetta, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1991. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi nchini, na matokeo yakashtua: katika wanachuo waliopimwa chuo kikuu, wasiofika asilimia 20 ndio waliokuwa na uwezo wa kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vya masomo yao. Mtu angetegemea kwamba baada ya kipimo kama hicho lugha ingebadilishwa. Kilichofuata ni mradi wa msaada wa Uingereza wa kukiimarisha Kiingereza, ulioleta wataalamu na masanduku ya vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, kuanzia mwaka 1987.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa Kiingereza Tanzania ilipopata sura yake ya ajabu, na sura hiyo haijabadilika sana. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza akikipata kama somo moja kati ya mengi. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa kozi fupi ya maandalizi ya wiki chache, kisha baiolojia, jiografia na fizikia zote zinamgeuka kwa lugha ambayo bado anaihesabu maneno. Mwalimu wa Kiingereza analaumiwa na wenzake wote kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyeziba mlango. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na papo hapo Kiingereza nacho kikaachiwa nafasi. Sekondari imebaki ilipokuwa.

Azimio jingine linalohusika lilitangazwa kando ya ziwa hili hili. Novemba 1974, mjini Musoma, TANU iliamua kwamba kila mtoto aanze shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Madarasa yalijaa haraka kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa, na nchi ikaokota vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huku wakifanya kazi. Wazee wanawakumbuka kama walimu wa UPE, kifupisho cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Miaka 30 baadaye mkasa ule ule ukarudi sekondari. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, kila kata ikahimizwa kujenga shule yake, na wananchi wa Kwimba na Misungwi wakasomba mawe na mchanga. Majengo yalisimama. Ndani yake wakapelekwa vijana wa kidato cha sita waliopewa mafunzo ya wiki chache, na mtaa, usioacha kitu kipite bila jina, ukawaita "voda fasta", kama vocha ya simu: unakwangua, unatumia.

Wakati huo Nyegezi ilikuwa imeshabadilika. Sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 1995 kuruhusu vyuo vikuu binafsi visajiliwe, na mwaka 1998 Baraza la Maaskofu Katoliki likakigeuza chuo cha Blomjous kuwa chuo kikuu kamili chenye jina la Mtakatifu Agustino. Wale waliosomea Nyegezi enzi za stashahada wakajikuta ghafla ni wahitimu wa mahali pasipokuwepo tena kwa jina. Uandishi wa habari uliendelea kuwa fahari ya mahali pale, na chuo kikawa na redio yake. Kisha ikaja Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, ikawakopesha hata wanaosoma vyuo binafsi. Mtoto wa mkulima wa pamba aliyekuwa hawezi kuota ada ya Malimbe, sasa aliweza. Serikali ilitaka walimu kwa maelfu, kijana alitaka ajira ya uhakika, bodi ilitanguliza fani ya ualimu kwenye mikopo. Haikuhitaji nabii kutabiri kozi ipi ingefurika.

Chini ya Padri Charles Kitima, makamu mkuu wa chuo aliyekuja baadaye kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, SAUT ilitoa matawi kama mbuyu: Mtwara, Tabora, Songea, Iringa, Bukoba, Moshi. Baadhi ya matawi hayo yalikua hadi yakasimama yenyewe kama vyuo vikuu. Mwenge cha Moshi na Ruaha cha Iringa ni mifano. Elimu na lugha vilienda navyo karibu kila mahali, maana darasa la ualimu halidai maabara ya gharama. Hilo ni jambo zuri na la hatari kwa wakati mmoja. Ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mia kadhaa na kipaza sauti kimoja unaweza kufundisha historia ya nadharia za lugha, lakini hauwezi kumsikiliza kila mmoja akitamka.

Ndani ya shahada ya ualimu, mwanafunzi anayechagua Kiingereza anakutana na mambo matatu yanayovutana. Kuna isimu yenyewe: fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki. Kuna fasihi, ambako riwaya za Kiafrika zilizoandikwa kwa Kiingereza hukaa bega kwa bega na Shakespeare. Na kuna mbinu za kufundisha, somo ambalo wanachuo wengi hulidharau hadi siku wanaposimama mbele ya kidato cha pili chenye watoto 90. Juu ya hayo, kama ilivyo karibu vyuo vikuu vyote nchini, wa mwaka wa kwanza wa fani zote hupitishwa kwenye stadi za mawasiliano, somo lililozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 chuo kikuu kilipotambua kwamba wanafunzi wake hawawezi kusoma wala kuandika kwa Kiingereza kama walivyotarajiwa. Ni kiraka kilichogeuka kuwa nguo.

Anayefundisha isimu Malimbe ana bahati ambayo mwenzake wa London hana. Wanafunzi wake wamekuja na maabara mdomoni. Chukua kanuni ya Dahl, inayofundishwa dunia nzima kwenye fonolojia ya lugha za Kibantu. Edmund Dahl alikuwa mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Unyamwezini. Aliyeipa kanuni hiyo jina lake, mwaka 1903, ni Carl Meinhof. Inasema kwamba silabi mbili zinazofuatana zikianza na vipasuo visivyo na mghuno, cha kwanza hupata mghuno. Maelezo hayo yakiachwa peke yake yanasinzisha darasa. Lakini Kinyamwezi ni ndugu wa damu wa Kisukuma, na mtoto wa Magu amehesabu tangu akiwa mgongoni kwa mama: imo, ibili, idatu. Mswahili anasema tatu, Msukuma anasema idatu. Mswahili anapita, Msukuma anabita. Kanuni ya Dahl imelala nyumbani kwao miaka yote, na ilibidi mtu aende chuo kikuu ili atambulishwe kwa ndugu yake.

Au irabu. Kiswahili kina tano. Kisukuma kina saba, kwa kuwa kuna sauti moja ya ziada kati ya i na e, na nyingine kati ya u na o. Mtu wa Pwani anayejifunza Kiingereza huhangaika kutenganisha neno la meli na neno la kondoo, kwa sababu kwake zote ni i. Msukuma amezaliwa na tofauti inayokaribiana na hiyo. Kisha shule ya msingi inamfundisha, bila kukusudia, kwamba irabu ni tano tu, na anapofika sekondari kile alichokuwa nacho kimeshafutwa kwenye daftari. Toni nayo ni hazina. Irvine Richardson wa London alichapisha mwaka 1959 uchunguzi wa toni ya Kisukuma, lugha ambayo toni ya juu haisikiki pale ilipozaliwa bali husogea silabi mbili mbele, kama mgeni anayebisha mlango huu na kuingia ule. Wanaisimu wa Marekani wamelijadili jambo hilo kwa miongo. Wenye lugha wanaoweza kulijadili wapo Nyegezi, wanakula sato kwa ugali na kulalamikia sapu.

Sapu, kwa msomaji aliyemaliza chuo zamani au hajakipitia, ni mtihani wa marudio. Kamusi ya wanachuo wa Tanzania ina utajiri wake, na Malimbe ina sehemu yake. Bumu ni fedha ya kujikimu inayotoka bodi ya mikopo. Desa ni maandishi ya kukariri yanayopita mkono kwa mkono. Kimbweta ni lile benchi la zege lenye meza katikati, ambapo mijadala huendelea hadi mbu wa ziwani wanapotawala. Kudisko ni kufukuzwa chuo kwa kufeli. Neno lililokuwa la muziki na furaha likageuzwa kuwa la msiba. Nusu ya maneno hayo yalitoka kwenye Kiingereza cha karatasi za ofisi ya mitihani, yakachongwa, yakavikwa viambishi na kupewa irabu ya mwisho kama konda anavyofanya kituoni. Mhadhiri anayelalamika kwamba wanafunzi wake hawana ubunifu katika lugha ya Kiingereza angekaa kimbwetani nusu saa.

Kipimo cha kweli cha kozi hii hakipo chuoni. Kila mwaka wanachuo wa ualimu huondoka kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, fildi kwa lugha yao, na Kanda ya Ziwa huwapokea. Wanaokwenda Ukerewe hupanda meli. Wanaokwenda Sengerema na Geita walikuwa wakipanga foleni kwenye kivuko cha Kigongo. Tangu Juni 2025 wanapita juu ya daraja la kilomita 3 la Kigongo–Busisi. Wanabeba andalio la somo lililopangwa vizuri kwa Kiingereza, lenye shughuli za makundi na maswali ya kuchochea mjadala. Siku ya kwanza darasa linawaitikia kwa pamoja, "Good morning, sir", kisha linanyamaza. Linanyamaza kwa heshima na kwa hofu. Kufikia Alhamisi mwalimu mwanafunzi ameanza kueleza kwa Kiswahili, akichungulia dirishani kama mkaguzi wake anakuja.

Kitendo hicho kina utafiti wake. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa LOITASA uliwakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, akiwemo Martha Qorro wa Dar es Salaam, kuchunguza lugha ya kufundishia, na ulionesha wanafunzi wa sekondari wakielewa na kuzungumza zaidi walipofundishwa kwa Kiswahili. Casmir Rubagumya alikuwa amekusanya hoja za aina hiyo katika kitabu alichokihariri mwaka 1990. Kwa hiyo kijana aliyeko fildi, anayedhani anafanya kosa, kwa kweli anafanya jambo ambalo wasomi wamelitetea kwa zaidi ya miaka 30. Kosa ni kumpeleka huko bila kumfundisha namna ya kulifanya kwa mpango: wakati gani aingize Kiswahili, wakati gani arudi, neno lipi alitafsiri na lipi alionyeshe kwa mkono.

Februari 2013 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalitangazwa. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Matokeo yalirekebishwa baadaye, na sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: vitabu, maabara, mishahara, walimu wachache. Katika shule za kata za kanda hii, mtu yeyote aliyepitia karatasi za majibu alijua sababu mojawapo bila tume. Mtoto alikuwa amenakili swali kwenye nafasi ya jibu, kwa mwandiko mzuri.

Hapa ndipo jina la chuo linapostahili kutazamwa upya, kwa sababu wengi hulichukulia kama majina mengine ya watakatifu kwenye milango ya shule. Agustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulioko Aljeria ya leo, nchi ile ile ambako Lavigerie aliwaanzisha Mapadre Weupe wake. Kabla hajawa askofu alikuwa mwalimu wa lugha kwa riziki: alifundisha ufasaha wa kusema Karthago, Roma na Milano. Na alikulia palipo na lugha tatu. Mashambani watu walisema Kipuniki. Shuleni na sokoni kilikuwa Kilatini. Juu ya vyote, kama lugha ya vitabu vya wakubwa, kilikaa Kigiriki. Mpangilio huo unafahamika kwa yeyote aliyekulia Misungwi.

Katika Maungamo yake, aliyoyaandika karibu na mwaka 400, anaeleza kwamba Kilatini alikipata bila maumivu, kwa walezi na watu waliomchekea na kucheza naye, lakini Kigiriki alichapiwa fimbo na akakichukia, pamoja na utamu wote wa hadithi zake. Anasema wazi kuwa udadisi huru hufundisha lugha kuliko vitisho. Aliandika pia kitabu kizima, Mwalimu, katika mfumo wa mazungumzo na mwanawe Adeodatus, wakijiuliza kama maneno kweli yanaweza kumfundisha mtu kitu asichokijua tayari. Na alipotafuta askofu wa mji mdogo wa Fussala, sifa aliyoitaka ni mtu anayejua Kipuniki. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alifungua kitabu chake cha Uchunguzi wa Kifalsafa, kilichotoka mwaka 1953, kwa kubishana na Agustino kuhusu namna mtoto anavyojifunza majina ya vitu. Kwa ufupi, wapo watakatifu wengi, lakini mwenye habari za kutosha za isimu tumizi ni huyu.

Shule nyingi za kandokando ya ziwa zimekuwa na kibao cha kuwaamuru wanafunzi wazungumze Kiingereza, na nyingine zilimvisha shingoni kipande cha ubao mtoto aliyeponyokwa na Kiswahili au Kisukuma, akivue pale atakapomkamata mwenzake. Wahitimu wa Malimbe wamekuta desturi hizo, baadhi wameziondoa, baadhi wameziendeleza. Chuo kinachobeba jina la mtu aliyechapiwa Kigiriki kina haki kuliko kingine chochote nchini kuwaambia walimu wake wapya waziache.

Leo isimu hufundishwa Malimbe hadi shahada ya uzamili, Kiingereza na Kiswahili vikiwa chini ya paa moja, na Kisukuma kikiwa kwenye mifano ya tasnifu na kwenye foleni ya chakula. Historia ya miaka ya Nyegezi kabla ya 1998 ndiyo imebaki nyembamba. Waliosoma hapo wakati Blomjous angali askofu sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 75. Yeyote aliye na picha ya darasa la miaka ya 1960, kitini cha Kiingereza kilichopigwa taipu, gazeti la wanachuo au barua ya kukubaliwa kujiunga, asiliache sanduku lake kwa mchwa. Maktaba ya Malimbe iko wazi siku za kazi, na konda wa Nyegezi Kona anajua mahali pa kukushusha.